Vanishi Juu ya Jina la Recha

Mzee Eckhard Brömmel alimzika mkewe mwezi wa nne. Kazi aliyoachiwa ilikuwa moja, jiwe.

Lilikuwa jiwe dogo la kumbukumbu, la kuenea kiganjani, juu limevikwa bati la shaba ya manjano, limezikwa kwenye njia ya miguu mbele ya mlango wao pale Halle, Ujerumani. Limeandikwa: Hapa aliishi Recha Feilchenfeld. Kisha mwaka aliozaliwa, mwaka aliochukuliwa, na neno la mwisho, aliuawa. Alikuwa fundi cherehani wa ghorofa ya pili. Wanazi walimtoa kwa kuwa ni Myahudi, yeye na ndugu zake wote, hakusalia hata binamu wa kumuulizia. Ndiyo maana Roswitha, mke wa Eckhard, alijitwika jiwe lile. Shaba ikiachwa huwa nyeusi kama lami, jina likapotea. Kila mwezi alishuka na kopo la dawa ya kung'arishia na fulana kuukuu ya mumewe, akapiga magoti, akasugua huku akimsimulia Recha bei ya siagi.

Hospitalini, sauti imekwisha, alimwambia mumewe, "Usimwache Recha gizani."

Basi akashuka yeye. Torben, kijana wa ghorofa ya chini mwenye baiskeli, alimkuta amepiga magoti.

"Mzee Brömmel, meno yamedondoka tena?"

"Yamo. Ya kukung'ata wewe yamo yote."

Msimu wa majani kudondoka alianguka ngazini. Binti yake Heike alikuja kutoka Bremen, akamwambia amempatia chumba kwenye nyumba ya wazee karibu naye, atahamia mwezi wa pili. Hakubisha. Alibisha hodi tu, mlango kwa mlango, akiomba mtu wa kulisugua jiwe. Bi Pfannschmidt wa juu alisema mgongo. Torben alisema naye anahama. Wengine walikubali kwa ile sauti ya kumwondoa mzee mlangoni, naye aliijua.

Ndipo akakumbuka ufundi wake. Maisha yake yote alipaka vanishi meza na makabati ya watu, na yapo mpaka leo yanang'aa. Akasugua jiwe mpaka likawaka, akalikausha, akalipaka vanishi, akangoja, akapaka tena. Akapanda juu, akaiambia picha ya Roswitha kwamba mambo yamekwisha. Usiku ule alilala.

Lakini meza haikanyagwi. Theluji ilikuja, watu wakamwaga chumvi ya kuyeyushia barafu, viatu vikapita. Maji yakapenya ukingoni, yakaingia chini ya vanishi na kukaa humo. Eckhard hakujua, maana mguu aliouumiza ngazini ulizidi kuuma, ukamfungia ndani mpaka siku ya kuhama.

Siku hiyo Heike alimshusha taratibu, akaenda kupakia masanduku garini. Mzee akatazama chini. Jiwe lilikuwa jeupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Jina halikusomeka.

Alipiga magoti. Kisu kidogo cha kazi hakikumtoka mfukoni hata baada ya kustaafu, akakitoa, akakwangua. Vanishi ilibanduka vipande vipande, na ncha ya kisu ikachana shaba. Alipofuta kwa kiganja, kwenye jina la Recha zilibaki herufi mbili. Nyingine zilikuwa mikwaruzo tu. Aliyezikwaruza ni yeye.

Heike alirudi, akasimama nyuma yake. Alimwambia baridi inaingia, barabara ni ndefu. Hakuinuka. Akamwambia asijali, atakuja mtu wa kulitengeneza.

"Nani?" akauliza mzee.

Heike alitazama madirisha ya nyumba ile, moja moja, mpaka la juu.

"Baba, twende."

"Mama yako aliniambia kitu kimoja tu."

"Najua."

"Kimoja, Heike."

Alimshika kwapani akamwinua. Torben alitoka na baiskeli yake, akawapisha kwa adabu, safari hii bila utani, na gurudumu la nyuma likapita juu ya jiwe. Hakuliona. Garini mzee alikaa na kisu mkononi, kucha zimejaa unga mweupe, na Heike alipoomba akiweke chini hakumsikia.