Ndoo ya Nne

Leo asubuhi jirani yangu hapa Kanyenye amemwaga samadi kwenye matuta yake ya mchicha, na harufu ile ya zizi imenikalisha kizingitini kabla sijafungua duka.

Nilikuwa msichana wa darasa la nne, kijijini karibu na Kaliua. Mama alikuwa amepandikiza miche ya nyanya, akanituma na ndoo kuchota samadi kwenye zizi la mfugaji, mwendo wa karibu nusu saa.

"Chimba chini kabisa," aliniambia. "Lete ile nyeusi iliyokwisha kuoza. Mbichi itaunguza miche."

Nilikwenda mara tatu. Safari ya nne shingo ilikuwa inauma na jua limekaza, nikakuta mavi mapya ya ng'ombe njiani. Nikajaza ndoo, nikayamwaga kuzunguka miche ya tuta la mwisho, kisha nikafunika kwa udongo mama asione.

Baada ya siku chache tuta lile lote lilinyauka, majani yakajikunja kama yamepitiwa na moto. Mama alifukua shina moja, akanusa vidole vyake.

"Hii uliitoa wapi?"

"Njiani, mama. Nilichoka."

Nilisubiri fimbo. Badala yake mama aliketi palepale kwenye tuta, kitenge kikiburuta vumbini.

"Ungesema tu, mwanangu," alisema. "Hata mimi nimechoka."

Akanisogezea nafasi. Tulikaa mpaka jua lilipopoa, ndipo tukaanza kung'oa miche iliyoungua.