Sentensi Tano za Mwalimu Yoramu

Kila jioni saa kumi Yoramu Mazengo alifuta ubao wake kwa kitambaa chenye maji, akasubiri ukauke, kisha akaandika tarehe kwa Kiingereza. Hakumruhusu mtu mwingine aiandike. Ubao wenyewe ulisimama chini ya kibanda cha mabati pale Makole, Dodoma, na mbele yake palikuwa na mabenchi manne ambayo, mwaka huo wa 2003, yaliwatosha kabisa wanafunzi tisa.

Alikuwa na miaka sitini na minne, mzaliwa wa Mvumi, na shule yake mwenyewe iliishia darasa la nne. Kiingereza alikiokota ghalani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa mizani katika ghala la nafaka la shirika la umma. Magunia yalikuja yameandikwa Kiingereza ubavuni, naye akayanakili maneno yale nyuma ya makaratasi ya mizani, akamuuliza kila aliyepita, padri, dereva, bwana shamba, mpaka maneno yakashikana yakawa lugha. Enzi hizo mtu mwenye ndevu hakuona haya kujifunza. Nyuma ya ghala palikuwa na darasa la watu wazima, na Yoramu ndiye aliyelifundisha: wapagazi, akina mama waliopepeta mtama, mlinzi mmoja mwenye jicho moja. Walikuwa na desturi yao. Aliyeleta neno jipya alileta na kitu chenyewe. Siku ya neno ungo, ungo ulikuwa mezani. Siku ya neno nge, nge alikuwa ndani ya chupa, na darasa zima lilikaa upande wa mlango.

Kisha mashirika yakauzwa. Yoramu akapunguzwa kazini pamoja na wenzake, mizani ikapakiwa kwenye lori isijulikane ilikopelekwa, na pale mtama ulipokuwa ukinukia pakatundikwa mitumba. Watu waliokuwa wakiketi pamoja kusoma walitawanyika kila mmoja na biashara yake, na hakuna aliyeuliza kilichopotea. Yoramu aliondoka na vitu viwili: kamusi ya zamani iliyoshonwa mgongo kwa uzi wa gunia, na ile desturi.

Kwa wanafunzi wake wa Makole aliibadili kidogo tu. Neno la Kiingereza halikuingia katika daftari kubwa la darasa mpaka aliyelileta alitungie sentensi tano, na zote ziwe za kweli, za jambo aliloliona kwa macho yake. Kwa sababu hiyo darasa lilikaa miaka minne bila neno meli. Siku Fabian, fundi viatu, aliporudi kutoka msibani Dar es Salaam na sentensi tano za meli, walimpigia makofi mpaka akaona aibu. Kwa ajili ya zabibu walitembea wote hadi Miyuji wakasimama kati ya mizabibu. Neno theluji halijaingia hadi leo.

Na palikuwa na kipengele cha mwisho. Yeyote aliyeandika au kukata jambo asilolijua, alisimama ubaoni mbele ya wenzake, akaandika sentensi tano za kweli juu ya jambo hilohilo, na darasa likamsahihisha kwa chaki nyekundu. Sheria hiyo haikumbagua mtu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeiandika.

Upande wa pili wa ukuta wa mabati palikuwa na banda la video la Bi Joha, mwanamke wa Kondoa, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita basi lililokwisha ondoka. Mwalimu alipofundisha, jenereta la Bi Joha lilinguruma, na mateke ya sinema za karate yalitua katikati ya sentensi.

"Bi Joha!" Yoramu aliita kupitia tundu la bati. "Nina watu wanasoma huku!"

"Na mimi nina watu wanapigana huku, Mzee Kamusi! Niamulie wapi kwanza?"

Walikuwa wameishi hivyo miaka mitano. Bi Joha hakuwahi kuingia darasani, na Yoramu hakuwahi kutia mguu bandani. Lakini mpwa wa Bi Joha, mtoto wa kaka yake, binti wa kidato cha tatu aliyeitwa Hana, alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote, na ndiye aliyewaleta wenzake watano.

Jumatatu moja Hana akaleta neno lake. Aliliandika ubaoni kwa herufi za taratibu: anime. Chini yake sentensi tano za Kiingereza. Moja ilisema, "My aunt shows anime on Saturday." Nyingine ilisema, "The rain in anime looks wet."

Yoramu alifungua kamusi. Akalowesha kidole, akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Neno hili halimo."

"Lipo, Mwalimu," Hana alisema. "Limeandikwa kwenye majalada ya CD za shangazi. Ni katuni za Kijapani."

"Basi andika katuni."

"Si katuni zote, Mwalimu. Hizi zina jina lake. Huwezi kusema mtama ni nafaka ukanyamaza."

Fabian alicheka kule nyuma. "Mwalimu, kwani hiyo kamusi ilichapishwa mwaka gani?"

"Ilichapishwa wakati watu wakitengeneza vitu vya kudumu," Yoramu alijibu, na darasa zima likacheka, naye akahisi masikio yanamuwaka moto. Miaka yote hiyo jenereta lile limemkera, na sasa limepenya ukuta limekaa ubaoni kwake. Akachukua chaki nyekundu akazikata sentensi zote tano, mstari mmoja mrefu kutoka juu hadi chini. Ile ya mvua aliikata mwisho, maana ilikuwa sentensi nzuri na aliijua kuwa nzuri.

Hana aliutazama ule mstari. "Mwalimu umewahi kuiona?"

"Sijaiona, na sitaiona. Mambo ya watoto wasio na kazi."

Kila mmoja alijua neno linalofuata, hata Yoramu mwenyewe.

"Basi Mwalimu umekata usichokijua," Hana alisema kwa heshima, mikono nyuma.

"Toka nje."

Akatoka. Siku ya pili walikuja watatu. Siku ya tatu alikuja Fabian peke yake, tena alikuja kurudisha chaki aliyokuwa ameisahau mfukoni.

"Wako wapi?" Yoramu aliuliza.

"Mwalimu, nikufiche nini? Wanaongea habari ya kujiandikisha kile kituo cha karibu na stendi. Kiingereza kwa wiki sita. Unakariri maswali ya usaili na majibu yake, unapewa cheti."

"Majibu ya nani?"

"Ya kila mtu, Mwalimu. Ni yaleyale." Fabian alikuna kichwa. "Hana anasema atarudi siku sheria itakaporudi. Na wenzake wanamfuata yeye."

Yoramu alibaki na ubao. Alifuta kila kitu ila ule mstari mwekundu uligoma kutoka vizuri, ukaacha kivuli. Akawaza lile darasa la ghalani, yule mlinzi wa jicho moja aliyekesha akilinda nge wake asiibiwe ili kesho awe na neno. Wote walikwisha kufa au kuhama. Duniani kote, kwa jinsi alivyojua, desturi ile ilikuwa imebaki chini ya mabati haya manane, na aliyeivunja ni yeye. Wangekwenda stendi wakakariri majibu ya kila mtu, nayo ingekwisha hapohapo.

Jumamosi saa nane mchana alivaa koti lake la kazini, akaingia kwa Bi Joha.

Bi Joha alikuwa mlangoni na kikapu cha karanga. "Mbukwa, Mwalimu," alisema, akimsalimu kwa utani kwa Kigogo, lugha ya kwao Mvumi. "Umekuja kunizimia jenereta?"

"Nimekuja kuona."

"Kuona nini?"

"Hilo neno."

Bi Joha akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, akaacha kucheka. "Pita. Kaa mbele, macho yako si ya juzi."

Ndani palikuwa na joto, giza la mapazia ya magunia, na watu kama thelathini juu ya mbao. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasogea kumpa nafasi. Deki ikameza CD. Yoramu akakunja mikono akangoja upuuzi.

Ilikuwa mvua. Mvua ya kuchorwa, inaanguka juu ya paa la nyumba ya mbao, tone moja moja, na kila tone lilipotua lilipasuka likawa matone madogo. Kisha mlango ukafunguliwa, mzee akatoka akiwa amebeba gunia la mchele begani, akaliweka juu ya mizani. Mkono wake uliochorwa ulisogeza kile kijiwe cha chuma kwenye fimbo ya mizani, ukakirudisha nyuma kidogo, ukakipiga kwa ncha ya kidole mara mbili. Yoramu aliachia mikono yake. Mara mbili. Ndivyo inavyofanywa, ili chuma kitulie, na hakuna anayejua hivyo asiyewahi kupima. Mtu fulani huko ng'ambo aliketi akautazama mkono wa karani wa mizani mpaka akaujua, kisha akauchora.

"Huyo babu anasemaje?" mwanamke wa mtoto akanong'ona. Chini ya picha palikuwa na maandishi ya Kiingereza yakipita upesi.

"Anasema mjukuu wake amekwenda mjini na hajaandika barua."

"Eh! Na huyo mwingine?"

"Anasema ghala litafungwa."

"Pandisha sauti, mzee!" mtu akaita kutoka nyuma. "Na sisi tuna masikio!"

Yoramu akapandisha sauti. Akasoma maandishi yote, Kiingereza kikiingia machoni kikitoka Kiswahili, na pale yalipokuwa mafupi mno aliongeza ya kwake kuhusu namna gunia lenye unyevu linavyodanganya mizani. Mara moja aligombana na mwenye ghala wa kuchorwa, akamwita mwizi, banda zima likaitikia. Bi Joha alitia kichwa mlangoni. "Mwalimu, nakuomba, punguza! Wateja wangu hawaisikii sinema!"

"Sinema ni Kijapani, Bi Joha! Wangesikia nini?"

Sinema ilipokwisha watu walidai irudiwe kwa ajili ya waliochelewa. Yoramu alisema ana shughuli. Kisha akakaa.

Jumatatu saa kumi alifuta ubao, akaandika tarehe. Alikuwa amempa Fabian ujumbe mmoja tu wa kupeleka: sheria imerudi. Wakaja tisa wote, na Hana akakaa benchi la nyuma, uso umekaza. Wengine wa mtaani walisimama nje, na katika tundu la bati lilionekana jicho la Bi Joha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaeni." Akainua mkono wenye chaki. "Nilikata jambo nisilolijua. Mnajua kinachofuata."

Akageuka akaandika polepole kwa mwandiko wake wa karatasi za mizani.

"Anime is drawn by hand."

"In anime the rain looks wet."

"The old man in the anime knows his work."

"My neighbour Joha shows anime."

Hapo alisita. Akatazama ubao, akatazama ukuta wa mabati ambao nyuma yake jenereta la Bi Joha, kwa mara ya kwanza saa ya somo, lilikuwa kimya. Mtu mzima ana heshima yake. Akaandika ya tano haraka.

"I do not like anime."

Akaweka chaki nyeupe, akamnyooshea Hana ile nyekundu.

Hana alikuja mbele. Ya kwanza akaitia tiki. Ya pili aliisoma mara mbili, akamtazama mwalimu, maana ilikuwa karibu sentensi yake, akatia tiki huku mdomo ukimchezacheza. Ya tatu tiki. Ya nne tiki, na upande wa pili wa bati pakasikika, "Ndiyo, haswa!" Alipofika ya tano alisimama, akavuta mstari mmoja mrefu juu yake.

"Kosa liko wapi?" Yoramu aliuliza.

"Si kweli, Mwalimu."

"Nani amesema?"

"Watu thelathini, Mwalimu."

"Alikaa mara zote mbili!" Bi Joha alipaza sauti kutoka tunduni. "Ya pili alisimama kabisa! Na mwenye ghala alipofukuzwa alipiga makofi!"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Fabian alianguka kutoka kwenye benchi. Yoramu Mazengo alisimama na vumbi la chaki kwenye koti, akijaribu kukunja uso, lakini uso haukukunjika. Akachukua kitambaa, akaifuta sentensi ya tano, akaandika nyingine mahali pake. Akasogea pembeni kumpisha Hana na chaki yake nyekundu.

"I watched it twice."

Hana akatia tiki. Kisha akafungua daftari kubwa la darasa na kuliandika neno lake, chini ya neno lililoletwa na mwenzao muuza asali na lile la meli lililomgharimu Fabian msiba, na Yoramu akaanza somo.