Sufuria ya Paja la Asali

"Diploma ya kupika nguruwe! Kitimoto inakaangwa, inaliwa na ndizi, basi. Nani hapa Kihesa atataka ya asali?" Hivyo ndivyo shangazi alivyonicheka niliporudi kutoka ughaibuni bila hata sufuria.

Nilipopata kazi ya kwanza ya kupika harusini nilikopa na kuazima kila kitu: asali kwa shangazi huyohuyo, mkaa kwa jirani, na sufuria kubwa kwa mzee Mwislamu anayeuza vitunguu.

"Unapika nini, bwana mdogo?"

Nikamwambia ukweli.

"Basi chukua, lakini hiyo usinirudishie. Niletee mpya."

Paja la nguruwe lilikuwa limelala kwenye maji ya chumvi. Nililichemsha, nikalichanja, nikalioka kwa makaa juu na chini, nikilipaka asali tena na tena hadi likang'aa na mgongo wangu ukakataa kunyooka. Wageni walilimaliza kabla ya pilau. Mjini hapa hakuna mwingine ambaye angeweza kulipika hivyo.

Malipo ya harusi yalipofika, nilirudisha asali na mkaa. Mwisho nilimpelekea mzee sufuria mpya, lebo ikiwa bado imebandikwa. Aliigonga, akainusa, akacheka.

"Tumemalizana."

Nikakaa kwenye gunia lake la vitunguu, nikasinzia.