Upande Usiopigwa Randa

Aune Lahtela wa mji wa Thunder Bay hakuwahi kuikosa sauna ya Jumamosi, iwe harusi, iwe msiba. Chumba chake cha mvuke, ambamo maji humwagwa juu ya mawe ya moto, kilikuwa nyuma ya nyumba. Kutoka mlango wa jikoni hadi huko ulipita juu ya sakafu ya mbao aliyoijenga marehemu mumewe, Toivo. Sasa ilikuwa imeoza. Aune aliteleza hapo akavunjika mkono, na binti yake Raili akatoa neno.

"Ukianguka tena, mama, sauna tunaifunga. Unakuja kukaa kwangu ghorofani."

"Nikaoge kwenye beseni kama bata?" Aune alijibu, akamwita fundi Delbert.

Delbert alileta vipande vya mbao vya kuchagua, cha mwerezi kikiwemo. Akakisifu kimoja, cha plastiki iliyochanganywa na unga wa mbao. "Hakiozi, hakitaki rangi. Hiki kitatuzika sote."

"Mimi nataka mwerezi, kama wa Toivo. Lakini tusibishane. Viache hapo kwenye theluji, Jumamosi miguu itasema."

Jumamosi Raili alikuja, uso kaukunja. Aune alitoka saunani na taulo lake, mvuke ukimtoka mabegani kama chungu kilichofunuliwa.

"Vua buti, fundi! Au unaogopa baridi itakula vidole?"

Delbert akavua, akalowesha nyayo kwenye ndoo, akakanyaga plastiki yake. Miguu ikaenda huku, yeye huku, akakaa kwenye theluji puu!

"Kumbe kinatuzika leo leo!" Raili akacheka hadi akashika ukuta.

Aune akapanda kwenye mwerezi, kidevu juu. Mguu ukateleza. Raili akamdaka kiwiko, na kicheko kikakatika.

"Umeona, mama?"

Aune aliona. Ubao ulikuwa laini, unang'aa kama kioo, vilevile kama Toivo alivyozipanga mbao zake, maana Toivo alipenda uzuri. Akaupiga teke kwa hasira. Ubao ukapinduka. Chini yake kulikuwa na alama za msumeno, nyuzi zimesimama kama manyoya ya paka aliyelowa.

"Huu upande gani?"

"Wa chini huo," Delbert alisema, akijipangusa theluji. "Haujapigwa randa. Watu hawapendi kuuona."

Aune akakanyaga. Ukamshika, ukamwachia, ukamshika tena. Akasimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Utachomwa na vibanzi, bibi."

"Piga msasa kidogo tu. Usiumalize ukali wote. Nipangie hivi, huu ndio uwe juu."

Raili akainama. Alivua viatu, akavua soksi, akapanda ubaoni kando ya mama yake.

"Unakwaruza."

"Ndiyo, mwanangu. Ndiko kushikwa huko."

Raili alisimama pale mpaka vidole vikawa vyekundu. Kisha akatazama mlango wa sauna.

"Mama, mawe bado ya moto?"