Foleni Aliyoikwepa Dada wa Msajili

Msajili wa chuo kikuu alilelewa mgongoni. Mama yao alikuwa mgonjwa wa kifua, na aliyembeba akiwa mchanga ni dada yake, msichana wa miaka tisa aliyetolewa darasa la pili kwa kazi hiyo. Walimwambia atarudi shule mtoto akianza kutembea. Mtoto alitembea, akakimbia, akaenda shule mwenyewe. Dada bado anasugua sufuria. Herufi chache alizozijua zilimtoka moja moja kama nywele za mgonjwa.

Mtoto alikuwa na kichwa, ukweli usemwe. Alisoma mpaka vyeti vikakosa ukuta. Alichagua fasihi, na alipokwenda ng'ambo kutafuta udaktari wa vitabu, aliandika juu ya nyimbo za kubembelezea watoto. Aliporudi, dada alimpokea kwa kicheko.

"Yaani umepanda ndege kwenda kusomea nilichokuwa nakuimbia huku unaninyea mgongoni?"

"Ndiyo, dada. Na joho wamenipa."

"Joho wangenipa mimi. Nguo iliyoharibika ilikuwa yangu!"

Wakacheka hadi machozi. Kama jina lake limo ndani ya kitabu kile, dada hakuuliza. Angelisomaje?

Kutoka ualimu wa chuo akawa mkuu wa idara, kisha mkuu wa kitivo, mwishowe wakamkalisha kwenye kiti cha usajili. Watu walinong'ona: mtu wa mashairi atayaweza mafaili? Aliyaweza kupita kiasi. Kabla yake nafasi za chuo ziligawanywa kwa kujuana, mtoto wa shangazi huku, shemeji kule. Yeye akakata mzizi. Fomu ya maombi ipokelewe dirishani tu, igongwe muhuri wa tarehe, aliyeileta apewe stakabadhi. Matokeo ya mtihani yakizidi miaka miwili hayapokelewi. Makarani wawili waliorudisha tarehe nyuma aliwafukuza siku hiyohiyo. Mji mzima ukamsifu: yule hana ndugu. Dada alipoisikia sifa hiyo alicheka, akidhani ni utani.

Kitindamimba wa dada, binti, alifaulu vizuri. Mwaka wa kwanza baada ya mtihani uliishia hospitalini, akimuuguza baba yake mpaka wakamzika. Ukabaki mmoja. Fomu aliijaza mwenyewe kwa wino mweusi, na kwa kuwa duka la dawa alikofanya kazi halikumpa ruhusa, mama yake akaibeba.

Foleni ilikuwa imelizunguka jengo. Dada alisimama tangu asubuhi, jua likamkaa utosini, vifundo vya miguu vikavimba. Adhuhuri alikuwa bado halioni dirisha. Akajiambia: mwenye dirisha nimembeba mimi, halafu nasimama hapa kama yatima? Akachomoka mstarini, akaenda nyumbani kwa mdogo wake.

Alimkuta barazani ana mafua, soksi miguuni, kitabu mkononi.

"Fomu ya mpwa wako hii."

"Lete, dada," alisema, macho yakiwa bado kwenye kitabu. Akaipokea, akaichomeka kwenye ukurasa aliofikia, akamwita mkewe alete chai. Dada akanywa chai, akarudi kwake moyo mweupe.

Majina yalipotoka, la binti halikuwemo. Dada akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu.

"Una miadi, mama?" aliuliza katibu muhtasi.

"Muulize bosi wako alipokuwa analia usiku, mimi nilimwomba miadi?"

Katibu akaficha kicheko kwa kiganja, akamfungulia.

Msajili alimsikiliza dada yake. Akainuka, akaenda kwenye rafu. Kitabu cha tatu alichokifungua ndicho kilichotoa fomu, imenyooka kama iliyopigwa pasi.

"Dada," alisema. "Nilipigiwa simu. Kisha nikaanza kitabu kingine."

"Haya, si umeiona? Gonga muhuri."

"Nikigonga, tarehe itakuwa ya leo."

"Irudishe nyuma."

"Kwa hilohilo nimewafukuza watu kazi. Wana watoto nao."

"Na huyu si mtoto?"

Msajili alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena.

"Basi nishuke nikapange foleni sasa hivi," dada alisema.

"Dirisha lilifungwa wiki tatu zilizopita, dada. Na mwakani matokeo yake yatakuwa yamepitwa."

"Nani kasema?"

"Mimi." Akaketi. "Kwa nini hukukaa kwenye foleni?"

Dada angempiga kofi, ila aliyekuwa mbele yake ni mtu mwenye mvi, mikono iko juu ya meza kubwa, hajui aiweke wapi. Wasomi hawa! Mlango wanautengeneza wenyewe, kitasa wanaking'oa wenyewe, halafu wanalia nawe, nyote mko nje. Dada akaichukua fomu, akatoka bila kuaga.

Binti alikuwa akimsubiri chini, kwenye ubao wa matangazo, kati ya vijana waliokuwa wakipigana picha kando ya majina yao.

"Mjomba amesemaje?"

Mama alimsimulia yote, hata chai.

"Alikupa stakabadhi, mama?"

"Mdogo wako wa damu akipokea kitu mkononi mwako, utamdai stakabadhi?"

Binti aliichukua fomu, akaisoma taratibu kuanzia juu, kidole kikifuata mistari, akageuza upande wa pili, akausoma nao mpaka kwenye sahihi yake. Vijana wakamwomba asogee kidogo, anawazibia ubao. Akasogea.

"Nilijaza vizuri," alisema. "Sijakosea hata mahali pamoja."