Kelele za Hamdan

Haroub wa Konde, fundi wa kuchomea mageti, sauti yake inaishinda mashine yake mwenyewe. Lakini kwenye meza ya dhumna, yaani domino, alikuwa mpole, maana kelele zote alimwachia mwenzake, Hamdan. Wawili hao walicheza pamoja tangu tuko skuli. Mchezo ukiendelea, wenza hawaruhusiwi kusemezana. Ukiisha tu, Hamdan humrukia: ile uliicheza kwa nini, na hii ukaiacha? Haroub huchekelea tu.

Ikaja harusi ya binti wa Hamdan, Haroub akasema sokoni kwamba pilau lilikuwa bichi. Bichi kweli lilikuwa, hata mimi nililila, lakini mengine mtu humeza akanyamaza! Hamdan akanuna. Tangu hapo ikawa salamu tu, kwa kuogopa dhambi, kisha kila mmoja na njia yake.

Skuli zilipoandaa mtoano wa dhumna kwa wanafunzi wa zamani, mwenyekiti wa timu yetu nikiwa mimi, Ghania, nikawapanga hao wawili pamoja. Wakakubali kwa heshima ya skuli. Tukawatoa Wete, tukawatoa Vitongoji. Kila mchezo ukiisha, Hamdan anafuta miwani yake na kwenda zake. Watu wakawasifu kwa adabu yao. Haroub akanijia uso umemshuka.

"Bi Ghania, twashinda, ila mie sina raha. Hata nikikosea hanigombezi. Yule kesha kunitoa moyoni."

"Si ukamwombe radhi?"

"Nimekwenda. Kanijibu salamu, kafunga mlango."

Fainali tulikutana na Wambaa. Mchezo wa mwisho, Hamdan kabakiwa na kete moja, na sote tulijua ni ya nne, maana tangu mwanzo alikuwa akizimwaga nne. Upande mmoja wa kete za mezani ulikuwa wazi, nne inamsubiri; akiiweka tu, tumeshinda. Haroub alikuwa na kete ya upande wa pili. Badala ya kuicheza hiyo, akapiga kete juu ya ile nne, paa! Hamdan akakosa pa kucheza, Wambaa wakamaliza, kombe likaenda.

Kiti cha Hamdan kikaanguka.

"Weye Haroub! Nne yangu waifunga ya nini? Huna macho?"

"Nilisahau," akasema Haroub, meno yote nje.

"Umesahau! Mbona pilau langu hukulisahau?"

"Lilikuwa bichi, Hamdan."

"Najua lilikuwa bichi! Ndiyo ukalitangaze sokoni?"

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Pilau nimekusamehe. Nne sikusamehe!"

Nilikuwa na hasira za kuweza kuwapiga wote wawili. Haroub anaapa kwamba alisahau kweli, na mimi simwamini hata kidogo. Wakatoka wakiongozana, Hamdan akimhesabia makosa yake ya mashindano yote, kuanzia ule mchezo wa kwanza na Wete. Kumbe alikuwa kamwekea yote. Haroub akawa anaitikia, "Ndiyo, ndiyo," huku akifuta machozi kwa mkono wa shati.