Magazeti Mawili, Mdomo Mmoja

Reli ilipofika Kasese mimi nilikuwa na gari dogo la mizigo, kuukuu, na njia yangu ilikuwa ile ile kila safari: kupakia stesheni, kupita Kikorongo, kushusha Bwera na kumalizia Mpondwe, mpakani na Kongo. Nilibeba sabuni, majembe, vitambaa, mafuta ya taa. Mara mbili kwa wiki nilibeba pia magazeti yaliyokuja na treni kutoka Kampala.

Yalikuwa mawili, yote ya Kiganda, na yalichukiana. Lile kubwa lilikuwa la wakubwa; lilitueleza nani amefungua jengo gani na nani amepewa nishani. Lile dogo lilikuwa na karatasi mbaya na wino wa kushika vidole, lakini lilikuwa na ukurasa mzima wa barua za watu wa mbali, watu kama sisi wa milimani na mpakani. Kubwa likisema mvua imenyesha, dogo lilitafuta mtu ambaye hakulowa.

Pale Bwera, dogo lilisomwa kwenye hoteli ya chai ya Muislamu mwenzangu tuliyemwita Hajji. Alilisoma kwa sauti, akitafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya wapagazi na akina mama wa sokoni. Ng'ambo ya barabara alikaa askari mstaafu aliyepigana Burma, tukimwita Afande. Yeye alinunua lile kubwa. Walitupiana maneno juu ya vumbi la barabara, kila mmoja na gazeti lake mkononi, na mimi niliwasikiliza nikishusha mizigo. Baina ya wale wawili mtu aliweza kukadiria ukweli umelala wapi.

Barua zilizopendwa zaidi ziliandikwa na mkulima mmoja wa kahawa, Mkonzo wa milima ile, Mkristo, aliyekaa juu kidogo ya Bwera. Aliandika kuhusu mizani ya wanunuzi, kuhusu barabara, kuhusu watoto kufundishwa kwa lugha isiyo ya mama zao. Alinipa barua mkononi, mimi nikazitia posta Kasese. Siku ambayo barua yake ilichapishwa, alisimama mbali na hoteli akijifanya anachagua jembe, huku masikio yote yakiwa kwa Hajji.

Asubuhi moja nilifika Bwera nikitoka Mpondwe, siyo Kasese, kwa sababu nilikuwa nimelala huko. Magazeti yalikuwa yameletwa na basi. Hajji alikuwa anasoma kwamba daraja la mpakani limesombwa na maji na njia ya Kongo imefungwa.

Nikacheka. "Hajji, daraja gani? Mimi nimetoka huko sasa hivi. Watu wanapita na mbuzi wao."

"Gazeti inasema imevunjika," akajibu.

Afande akapaza sauti kutoka ng'ambo. "Hata yangu inasema! Kwani mimi na Hajji tunaota pamoja?"

Nilivuka barabara nikaomba lake, nikachukua na la Hajji, nikayaweka yote mawili juu ya boneti. Habari ilikuwa moja, neno kwa neno. Hata jina la Mpondwe lilikosewa herufi ile ile. Miaka yote nilipoyabeba, magazeti yale hayakuwahi kukubaliana hata juu ya hali ya hewa, na leo yalikosea kwa pamoja kama watoto walionakiliana darasani.

Wiki ile wanunuzi wa kahawa walishusha bei. Walisema njia ya Kongo imefungwa, mtauza wapi tena? Wakulima wengi hawakwenda Mpondwe kujionea, waliuza. Mpagazi mmoja wa kule aliponiona alinishika mkono, akasema kwa Kiswahili cha Kongo: "Patron, daraja iko, batu beko banapita. Nani alibaambia imeanguka?"

Tangu siku hiyo nilianza kuyachunguza magazeti yale. Zamani yalifungwa mbalimbali. Sasa yalikuja katika furushi moja. Nilimuuliza wakala wa magazeti pale Kasese, akanitazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mke wake. "Kazi yako ni gari," akasema. "Yaliyomo ndani ya karatasi ni ya wenyewe."

Wenyewe ndio akina nani?

Na barua za mkulima hazikutoka tena. Ukurasa ukapungua ukawa nusu, kisha pakawa na tangazo la baiskeli. Jioni moja alinisubiri kando ya njia, akasimamisha gari kwa mkono.

"Bwana dereva," akasema, "barua yangu unapeleka wapi?"

"Posta, mzee. Kama siku zote."

"Posta ya Kasese? Ama unapelekea wanunuzi?"

Maneno yale yaliniuma kuliko tusi. Nilijua amekwisha kuyasema kwa wengine, maana pale sokoni salamu zilikuwa zimepoa, na mama mmoja aliyezoea kunipa vifurushi alimpa dereva wa basi. Nikamwambia, "Mzee, kesho panda. Kaa hapa mbele. Twende ukaone kwa macho yako."

Alipanda. Tulisimama Kikorongo. Pale tulikunywa chai; yeye alijilipia ya kwake, na nilielewa maana yake.

Bahati ilikuwa kwamba Kasese, kwa wakala, tulimkuta mgeni kutoka Kampala, bwana wa gazeti, suti ya kijivu na gari limeegeshwa mlangoni. Mkulima hakungoja kutambulishwa.

"Barua zangu mnapata?"

"Tunazipata, mzee. Unaandika vizuri sana," yule bwana akasema kwa Kiswahili safi. "Ila sasa magazeti yetu yameungana. Nafasi ni ndogo."

"Yameungana lini? Huku kila moja ina jina lake."

"Majina yamebaki. Watu wameyazoea. Mwenyewe tu ndiye amekuwa mmoja."

Mkulima akafikiri. "Jirani yangu akinunua shamba yangu, sitasema tumeungana. Nitasema amenunua."

Bwana yule akatabasamu kwa meno tu. Nikamuuliza kuhusu daraja. Akasema makosa hutokea. Nikamuuliza kama mwenye magazeti anafanya biashara nyingine, ya kahawa labda. Tabasamu likaondoka, akamgeukia wakala na kuuliza treni ya kurudi ni saa ngapi, ilhali gari lake liko nje.

Hadi leo sina ushahidi wa jambo lolote. Nina ile sura yake tu.

Njiani kurudi mkulima alisema, "Nilikusema vibaya." Nikamwambia yamekwisha, ingawa hayakuwa yamekwisha kabisa moyoni mwangu.

Kazi ilikuwa kuwaeleza wengine. Nilimwambia Hajji kwamba gazeti lake na la Afande yanatoka mfuko mmoja. Akaweka kikombe chini taratibu. "Nani amekutuma? Yule askari?" Nikavuka kwa Afande. "Wewe! Umelipwa na Hajji kuniharibia gazeti? Toka!" Wakaendelea kugombana vile vile, kila mmoja akitetea mali ya mtu yule yule.

Kisha majina yote mawili yakaanza kukaa juu ya gazeti moja, yakilingana kwa ukubwa. Jina la lile dogo likazidi kupungua, likateremka chini ya jingine, likawa la kusomwa kwa miwani. Siku moja halikuwepo. Hakuna aliyetutangazia. Hajji aligeuza kurasa mbele na nyuma, akaniuliza kama nimeangusha karatasi njiani.

Baada ya hapo Afande alivuka barabara na kuketi hotelini, kwa kuwa hapakuwa na maana ya kununua mawili. Hawakupatana. Walisoma pamoja, na kila baada ya mistari michache mmoja aliuliza, "Hii unaamini?" na mwingine akarudia mistari ile ile.

Mkulima hakuacha kuandika. Siku za soko alikuja na karatasi zake, akazisoma mwenyewe kwa Kikonzo, akisimama karibu na magunia. Watu walisimama, wengine wakabishana naye hapo hapo. Mara moja mtu ambaye hatukumjua alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kisha akaniuliza kwa upole yule mzee anakaa wapi.

Nikamwambia mimi ni dereva tu, sijui.